Kiu ya Daudi na kikombe cha mgonjwa wa figo

Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23, chasimulia jinsi Mfalme Daudi, akiwa ngomeni, alivyotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa watu walihatarisha uhai wao kwa ajili yake.

Mgonjwa anayesafishwa damu anaijua kiu hiyo. Kwa kawaida huunganishwa na mashine mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 hivi. Katikati ya siku hizo maji anayokunywa hayana pa kutokea. Huvimbisha miguu, huingia kwenye mapafu, na moyo huelemewa. Ndiyo maana daktari humpimia, mara nyingi nusu lita kwa siku, pamoja na kiasi cha mkojo anaopata bado. Uji, chai, supu na tikiti maji, vyote vinahesabiwa.

Nasi tunaomtembelea huja na upendo, na upendo wetu hubeba madafu, ndizi mbivu, maparachichi na juisi ya machungwa. Vyote vina potasiamu nyingi, na ikizidi mwilini yaweza kusimamisha moyo. Mpendwa msomaji, kabla ya kubeba, uliza ameruhusiwa nini. Mara nyingi mayai au samaki asiyetiwa chumvi humfaa zaidi, maana mashine huondoa pia protini. Nyumbani, tupunguze chumvi katika chungu cha familia nzima, kwani chumvi huleta kiu. Viazi na mchicha vikatwe, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.

Wapo wanaotaka kufunga chakula ili wapone, au kunywa maji ya baraka kwa wingi. Kanisa halimdai mgonjwa mfungo. Kikombe chake kidogo ni mfungo tosha. Na maji ya baraka, tone moja la kufanyia ishara ya msalaba latosha. Neema haipimwi kwa lita.

Maji asiyoyanywa mgonjwa si adhabu. Akimtolea Mungu, ni sadaka kama ile ya Daudi, akiungana na Yesu aliyeona kiu msalabani. Ila asiachwe peke yake. Leo mezani, jamaa wote wanywe kwa kikombe kidogo kama chake.

Jumapili njema.