Mwajiri wa mchimbaji wa Rwamgasa ni nani?

Wiki hii tuutazame utandawazi. Hatutautafuta katika mikutano ya wakubwa, bali chini ya ardhi, katika maduara ya Rwamgasa, Wilaya ya Geita.

Mawe ya Rwamgasa huvunjwa kwa nyundo na tindo, hupandishwa kwa kamba, husagwa kwenye karasha na kuoshwa mialoni. Lakini bei ya dhahabu yake haipangwi hapo kijijini. Hufuata bei ya London, inayotangazwa mara mbili kila siku ya kazi. Hata soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019 hutazama bei hiyo ya dunia. Kwa hiyo kijana aliye shimoni yumo tayari katika utandawazi, apende asipende.

Je, chama chake cha wafanyakazi kiko wapi?

Chama hupata nguvu pale inapojulikana mwajiri ni nani na malipo ni kiasi gani. Katika migodi mikubwa hayo yanajulikana, ingawa nako mizani haiko sawa: mwenye mtaji anaweza kuuhamishia nchi nyingine, mfanyakazi hawezi kuhamisha ukoo wake. Oktoba 2007 wafanyakazi waligoma katika mgodi wa Bulyanhulu, Kahama, wa kampuni ya Barrick ya Kanada. Uongozi uliuita mgomo huo batili, na mamia wakapoteza kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo, lakini baada ya usuluhishi kushindikana na kutolewa notisi ya saa 48.

Rwamgasa mambo ni magumu zaidi. Yuko mwenye leseni. Yuko mwenye duara, anayegharimia chakula, pampu na magogo ya kuzuia kuta. Halafu wako wachimbaji. Hawa kwa kawaida hawana mshahara. Hugawiwa mifuko ya mawe. Mawe yakikosa dhahabu, jasho limekwenda bure. Duara likiporomoka, mwenye leseni atasema hakumwajiri mtu. Mwenye duara atasema walikuwa washirika tu. Vyama vya wachimbaji wadogo vipo na vina kazi yake, lakini humo mwenye leseni na mvunja mawe huhesabiwa kuwa kitu kimoja, wakati kwenye mgao kila mmoja ana upande wake.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, haiangalii jina la mkataba. Anayefanya kazi chini ya amri ya mwingine, au kwa vifaa vya mwingine, au anayemtegemea huyo kwa riziki yake, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na waajiriwa 20 wanatosha kuanzisha chama.

Basi viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasiishie kwenye malango ya migodi mikubwa. Wafike mialoni. Waanze na jambo dogo: mgao uandikwe kwenye daftari, na kila mmoja atie sahihi kabla ya kushuka shimoni.

Bei ya London hatuiwezi. Lakini nani apate mifuko mingapi, na nani amzike aliyefukiwa, hayo huamuliwa hapa hapa duarani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.