Gari la misuli: Anza na springi kabla ya kununua rimu

MTU anaponunua gari la zamani la Kimarekani lenye injini kubwa, jambo la kwanza linalomjia akilini ni rimu zinazong'aa na matairi mapana ya nyuma. Fedha nyingi huishia hapo.

Siku ya kulijaribu barabarani, anapokanyaga mafuta, sehemu ya nyuma hutetema kwa kishindo, matairi hukwaruza bodi na gari huyumba. Rimu ni mpya, matairi ni mapya, lakini gari ni hatari kuliko lilivyokuwa.

Chanzo huwa ni mpangilio wa kazi. Springi na ekseli ndizo zinazoamua ni tairi gani litaenea, nalo tairi ndilo linaloamua rimu. Anayeanza na rimu huwa ameshika mkia badala ya kichwa.

Magari haya, ambayo Wamarekani waliyabandika jina la magari ya misuli, yalipata umaarufu kuanzia mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac ilipoweka injini ya lita 6.4 katika gari la ukubwa wa wastani na kuliita GTO. Washindani hawakukawia kufuata mtindo huo. Injini zilikua haraka kuliko matairi, breki na springi za wakati huo.

Mfano wa Camaro

Chevrolet Camaro, iliyoingia sokoni Septemba 1966 kama gari la mwaka wa 1967, inaeleza vyema tatizo hili.

Nyuma, ekseli yake ilibebwa na springi za bamba, zinazofanana na zile za pikapu na malori tunayoyaona kila siku. Hata hivyo, pikapu huwa na mabamba kadhaa yaliyopangwa moja juu ya jingine, ilhali Camaro ya 1967 ilikuwa na bamba moja tu kila upande. Springi hiyo ilikuwa nyepesi na ilitosha kwa injini ndogo.

Ilipotiwa injini ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 295, na baadaye ya lita 6.5, bamba hilo lilizidiwa. Injini inaposukuma magurudumu kwenda mbele, ekseli nayo hutaka kujizungusha kuelekea nyuma. Bamba jembamba hupindika na kuwa kama herufi S, kisha hujinyoosha ghafla.

Tairi hukamata barabara, huachilia, hukamata tena, mara nyingi katika muda mfupi. Huko ndiko kurukaruka kwa gurudumu, na kunaweza kuvunja shafti ya ekseli au kumnyang'anya dereva udhibiti wa gari.

Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo. Baadhi ya magari ya 1967 yaliongezewa fimbo ya chuma ya kuizuia ekseli isijipinde. Mwaka wa 1968, shokomzoba moja ilihamishiwa mbele ya ekseli na nyingine ikabaki nyuma yake, ili zipingane na mzunguko huo. Magari yenye injini kali yalipewa springi za mabamba mengi.

Msomaji atambue kwamba wahandisi hawakutibu ugonjwa huo kwa kuweka matairi mapana pekee. Kwa hakika, tairi linaloshika barabara zaidi huipinda springi dhaifu hata zaidi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kazi ya kwanza: Springi

Kabla ya kununua chochote, kagua mahali springi zinaposhikwa. Sehemu ya nyuma ya Camaro haina fremu. Springi hushikiliwa na bodi lenyewe. Kutu ikiwa imekula chuma hapo, springi mpya haitasaidia kitu. Kwanza mwite fundi wa kuchomea.

Pili, badilisha bushi za mpira zilizochakaa, weka springi za mabamba mengi na shokomzoba zinazolingana nazo. Kwa gari la kutembelea mjini na safari za hapa na pale, hayo kwa kawaida hutosha. Mfumo wa kisasa wa springi za koili na mikono minne ni mzuri kwa mashindano, lakini unahitaji kukata na kuchomea, na gari lililokatwa hupoteza uasilia wake.

Mwenye GTO au Chevelle ana kazi tofauti. Magari hayo tayari yana springi za koili na mikono minne kutoka kiwandani. Aanze na bushi za mikono hiyo na uimara wa mikono yenyewe.

Jihadhari na mtindo ulioenea miaka ya 1970 wa kuinua sehemu ya nyuma kwa shokomzoba za hewa ili matairi makubwa yaenee. Mahali zinapofungwa shokomzoba hapakuundwa kubeba uzito wa gari.

Kazi ya pili: Tairi

Springi zikishakaa na gari likiwa katika kimo chake cha kudumu, pima nafasi iliyopo kati ya springi na ukingo wa bodi. Usipime gari likiwa limeinuliwa kwa jeki huku magurudumu yakining'inia, kwani vipimo hivyo vitakudanganya. Acha angalau nusu inchi kati ya tairi na springi, na zaidi upande wa nje, kwa sababu ekseli husogea katika kona na kwenye matuta.

Chukua tairi lenye alama 235/60R15. Upana wake ni milimita 235, ukuta wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 141, na rimu yake ni ya inchi 15. Kimo chake kizima ni takriban milimita 663.

Linganisha na 275/60R15, ambalo hufika milimita 711. Tofauti hiyo ni asilimia 7. Ikiwa mita ya mwendo ililingana na tairi la kwanza, itakuonyesha kilomita 100 kwa saa ilhali unakwenda 107. Aidha, tairi refu hupunguza mvuto wa gari linapoondoka, sawa na kuondokea gia ya juu.

Herufi R huonyesha kwamba tairi ni la radiali. Mengi ya magari haya yalitoka kiwandani na matairi ya nyuzi za mshazari, ambayo hufuata mikwaruzo ya barabara na kuyumba. Radiali hushika vizuri zaidi. Usichanganye aina hizo mbili katika gari moja.

Vilevile, soma umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni huonyesha wiki na mwaka: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2022. Magari ya zamani hukaa gereji muda mrefu, na tairi linaweza kuwa na meno yote ilhali mpira umekauka. Likipita miaka 10, liondoe hata kama linapendeza.

Kazi ya tatu: Rimu

Sasa ndipo uende dukani. Camaro ina bolti tano katika duara la milimita 120.65. Ford Mustang ya injini ya V8 ya miaka hiyo ina bolti tano pia, lakini duara lake ni la milimita 114.3. Tofauti ni ndogo machoni, ila rimu ya moja isilazimishwe kwenye nyingine.

Jambo linalowaponza wengi ni umbali kutoka sehemu rimu inapogusana na kikombe cha gurudumu hadi ukingo wake wa ndani. Rimu ya inchi 7, ambayo kwa jumla ina upana wa takriban inchi 8, ikiwa na umbali wa inchi 4 hukaa katikati kabisa. Umbali ukizidi, tairi husogea ndani kuelekea springi. Ukipungua, hutoka nje na kukwaruza bodi. Rimu mbili za upana mmoja zaweza kutofautiana hapa, moja ikafaa na nyingine ikakata tairi.

Kagua pia breki. Ukibadilisha breki za ngoma za mbele na kuweka za diski, huenda rimu za awali za inchi 14 zisitoshee. Rimu za inchi 17 hutoa nafasi ya breki kubwa, ila ukuta mfupi wa tairi huufanya mwendo kuwa mgumu na rimu huumia upesi penye mashimo.

Hatimaye, tunza kila kilichotolewa. Springi, rimu na bolti za kiwandani huongeza thamani ya gari siku ya kuliuza, nazo hazichukui nafasi kubwa stoo.