Daftari la Pili la Prefe wa Musaga

Prefe wa nidhamu ana daftari la makosa: jina la mwanafunzi, tarehe, kosa, alama zilizokatwa. Alama hizo za mwenendo huingia kwenye buletini pamoja na za hesabu na Kifaransa, na aliyekatwa nyingi anaweza kujikuta nje ya shule hata kama darasani ni moto wa kuotea mbali. Hayo msomaji wa Bujumbura anayajua.

Kilichonivuta Musaga, mtaa wa kusini mwa jiji hilo, ni daftari jingine, dogo, la miraba, ambalo prefe mmoja wa huko hulifungia kwenye mtoto wa meza. Mkaguzi hajawahi kuliona. Humo hajaandika makosa, ameandika sababu. Alikubali nilisome mradi nisimtaje yeye wala shule yake.

Asubuhi bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, lango hufungwa. Anayefika baada ya hapo hukatwa alama. Kwa miaka mingi prefe alifunga lango bila kumuuliza mtu kitu. Kisha mafuta yakaanza kuadimika mjini, na nje ya lango wakawa wanabaki watoto wengi, tena wale wale aliowajua kuwa hawana utundu. Akaanza kuuliza. Majibu akayaandika.

“Basi.” “Basi.” “Basi.” Neno hilo linashuka ukurasa mzima. Halafu “kwa miguu, Kanyosha”. “Mdogo wake ana homa.” “Maji”, yaani bomba lilitoka usiku wa manane, mtoto akakesha anajaza madumu, usingizi ukamchukua alfajiri. “Hakula jana.” Hilo si jibu la swali aliloulizwa, lakini prefe ameliandika vilevile. Pembeni ya baadhi ya majina kuna alama ndogo ya kuuliza: hao hakuwaamini. Jina moja la kiume linarudi kila Jumatatu, na mbele yake hakuna sababu yoyote. Kijana hakutaka kusema, na prefe ameiacha nafasi wazi.

Na kuna “Mpimba”. Gereza hilo kuu liko humu humu Musaga. Lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 800, na kwa miaka mingi limebeba watu mara kadhaa ya idadi hiyo. Mgao wa chakula haushibishi, hivyo familia hupeleka sufuria. Binti aliyeandikiwa neno hilo baba yake yumo ndani na mama yake hudamkia sokoni, kwa hiyo chakula hukipeleka yeye. Mara ya kwanza prefe alimkata alama kabla hajauliza. Alipojua, hakuzirudisha: daftari kubwa huandikwa kwa wino, na mkuu wa shule alikuwa ameshatia sahihi. Aliponieleza hayo alikuwa anatazama kwingine.

Mimi nasema zirudishwe. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba akimrudishia huyo, atawaambia nini wenye “basi”?

Hoja yake si nyepesi. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji kwa sababu ya ajali. Mabasi yakabaki tegemeo, na mabasi nayo yakakosa mafuta. Mtoto anayetoka Kamenge kuja kusoma huku kusini hana budi kupita mjini na kusimama kwenye foleni ya watu wazima wanaosukumana. Wako wanaoamka gizani na bado wanalikuta lango limefungwa. Lakini wapo pia wanaokaa hatua chache kutoka shuleni, na wao wamejifunza kwamba neno “basi” humlainisha prefe.

Yeye si mtu wa huruma rahisi. Huja kwa miguu, na langoni hufika kabla ya saa moja. Mtoto wa tajiri akifukuzwa, anasema, atahamishiwa shule ya kulipia; wa maskini hana pa kwenda, kwa hiyo akilegezewa nidhamu ndiye anayeonewa. Nilipomkumbusha mambo ya Ruziba ya Juni 2016, wanafunzi wapatao 300 waliposimamishwa kwa sababu ya picha ya Rais wa wakati huo iliyochorwachorwa kwenye vitabu, alitikisa kichwa. Hilo hakutaka kulizungumza.

Ya mwaka 2015 aliyazungumza. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais huyo yalipoanza Aprili 26, Musaga ilikuwa mstari wa mbele, na masomo yakasimama kwa wiki nyingi. Shule zilipofunguliwa aliita majina, mengine hayakuitikiwa. Baadhi ya watoto walikuwa wameshavuka mpaka, kambini Mahama au Nyarugusu. Wakati ule, anasema, hakuna aliyethubutu kuliita jambo hilo utoro.

Hapo ndipo nilipoona madaftari yote mawili yanapofikia kikomo. Yote yanamwandika anayekuja. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005 watoto wamemiminika, madarasa yakafurika, na mmoja akipotea hugundulika akiwa ameshazoea kubaki nyumbani. Anayechelewa bado anaitaka shule, anasema prefe. Anayemnyima usingizi ni yule ambaye hachelewi tena kwa sababu haji kabisa. Nani huenda kubisha hodi kwao? Yeye hana mtu wa kumtuma, wala nauli ya kwenda mwenyewe.

Mwisho wa muhula baraza la walimu litakaa kuamua nani anaendelea na nani anatoka. Daftari kubwa litakuwa mezani, ndiyo sheria. Nilimuuliza kama atalibeba na lile dogo. Alisema baadhi ya wenzake watamwona ameivunja kazi yake mwenyewe, na wengine watataka kila mtoto apewe ukurasa. Hajaamua.