Je, simu yako yaweza kukuonyesha ulipo?



Katika mikutano ya vijiji hapa Kivu, kuna swali ambalo watu hutuuliza wakiwa wamekwisha kuinuka ili kurudi nyumbani: «Nikipiga simu kutoa habari kwamba watu wenye silaha wameonekana, je, hawataweza kujua kwamba ni mimi, na niko wapi?» Wengine wanatoa betri kabla ya kuanza mazungumzo. Wengine wanasadiki kwamba antena inasikia kila neno linalosemwa ndani ya nyumba, hata simu ikiwa imelala mezani. Tena kuna wale wasioogopa kitu, wanaoandika majina ya watu na njia wanazopita katika ujumbe na kuutuma kwa watu ishirini. Woga wa wale wa kwanza unazima habari ambayo ingeokoa kijiji, na uzembe wa hawa wa mwisho unaweza kumwua aliyetoa habari. Kwa hiyo tumeona ni vizuri tueleze namna kazi hii inavyofanyika.

Simu za mkononi si kitu kipya katika nchi yetu. Kampuni ya Telecel ilizileta Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, lakini zilikuwa za wakubwa na matajiri. Ni baada ya Celtel na Vodacom kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo muuza samaki na mwalimu wa kijiji walipoanza kuzishika.

Kwanza tujue kwamba simu yako haizungumzi na simu ya ndugu yako moja kwa moja. Inazungumza na antena iliyo karibu, na hiyo antena ina eneo lake la kuhudumia. Mara nyingi mnara mmoja una pande tatu, kila upande ukitazama theluthi ya mazingira. Mjini eneo la antena linaweza kuwa la mitaa michache tu. Shambani ni kubwa zaidi, lakini kwa simu za kawaida za aina ya zamani haliwezi kupita kilomita 35 hivi, hata kama hakuna mlima unaozuia. Sababu yake ni kwamba simu nyingi zinapokezana kwenye wimbi moja, kila moja na nafasi yake fupi sana ya kusema, na sauti inayotoka mbali mno hufika imechelewa na kuingia katika nafasi ya mwingine. Na sisi wa Kivu tunajua kwamba milima huzuia mapema kuliko hizo kilomita.

Pili, simu ina namba tatu, wala si moja. Ile unayowapa rafiki, inayoanza na 243 kwa nchi yetu, ndiyo isiyo na maana sana kwa mitambo. Ndani ya kadi ya SIM kuna namba nyingine ya tarakimu 15 hivi. Tatu za kwanza ni za nchi: 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda, 641 ni Uganda, 642 ni Burundi. Namba ya tatu ni ya chombo chenyewe, nayo ina tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# utaiona kwenye kioo. Hii inawahusu wale wanaofikiri kwamba kubadili kadi kunatosha kuwaficha. Kadi mpya ikiwekwa ndani ya chombo kile kile, kampuni inaona kwamba chombo ni kile kile.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Simu ikiwa imewashwa lakini hupigi, kwa sehemu kubwa ya wakati inasikiliza tu. Inapima antena ipi inasikika vizuri, inachagua moja, na inakaa kimya. Makampuni hukusanya antena kadhaa na kuzifanya kuwa eneo moja la kuandikishia. Ukitoka eneo moja na kuingia jingine, simu inasema peke yake: niko hapa sasa. Hata usipohama, kila baada ya muda uliopangwa na kampuni inarudia kusema hivyo. Ni kama mgeni anayeingia katika kijiji: anakwenda kwanza kwa shefu ili aandikwe katika daftari la wageni. Shefu anajua kwamba mgeni yuko katika utawala wake, lakini hajui kama kwa saa hiyo yuko kisimani au shambani.

Kampuni ina madaftari mawili ya namna hiyo. Liko daftari kuu, lenye kila mteja na sehemu anakohudumiwa sasa, na liko daftari la wageni katika kila kituo cha kuunganishia simu. Mama mmoja wa Minova akimpigia kaka yake aliyeko Beni, simu yake inaomba nafasi kwa antena ya Minova, na antena inapeleka ombi kwa kituo. Kituo kinauliza daftari kuu: huyu mtu wa Beni anahudumiwa wapi? Daftari kuu linauliza kituo cha upande ule, na jibu linarudi. Kisha antena zote za eneo aliloandikishwa zinaita kwa pamoja, kama mtu anayepiga mbiu sokoni. Simu moja tu inajitambua na kuitika, na hapo ndipo inapojulikana iko chini ya antena ipi. Inapewa nafasi yake, na kengele inalia. Haya yote yanachukua sekunde chache tu. Wenye redio za zamani wanaifahamu dakika hiyo: simu ikiwa karibu na redio, utasikia mkwaruzo wa tit-tit-tit kabla simu haijalia. Hiyo ni simu ikiitika mwito. Si mchawi, wala si jasusi.

Mnapozungumza, simu inapeleka vipimo mara mbili hivi kila sekunde, na kama uko ndani ya gari kituo kinakuhamisha kutoka antena moja hadi nyingine bila wewe kutambua. Mazungumzo yakiisha, kampuni inaandika: namba hii ilipiga namba ile, saa fulani, kwa muda fulani, kupitia antena fulani. Inaandika ili ijue nani amekula uniti ngapi. Ujumbe mfupi unaandikwa pia. Hata kubipu kunaweza kuacha alama yake katika mitambo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kampuni inaweza kujua ulikuwa chini ya antena ipi ulipopiga. Mjini hiyo ni mitaa michache, na shambani inaweza kuwa vijiji kumi. Simu kubwa za kisasa zenye intaneti na kupima mahali kwa satelaiti zinajua zaidi, hata mita chache, na programu nyingi zilizomo ndani yake zinapeleka habari hiyo nje. Lakini mpiganaji aliyeko msituni na bunduki yake hana madaftari ya kampuni. Anayaona tu kama ana mtu ndani ya kampuni, au kama ana mamlaka ya kuamuru yafunguliwe. Pahali ambapo utawala umebadilika mikono, kama Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari mwaka huo huo, kila mtu apime jambo hilo mwenyewe kwa akili.

Na kuhusu kutoa betri: ukizima simu kwa kitufe, inaaga kabla ya kulala, na mtandao unaandika kwamba haipo. Ukichomoa betri kwa ghafula, mtandao unaendelea kufikiri uko pale pale mpaka ule muda wa kujiandikisha upite. Kwa vyovyote, simu isiyo na moto haisemi na antena. Iliyowashwa na kuwekwa mezani haipeleki maneno ya nyumbani kwa antena, isipokuwa mtu ameingiza ndani yake programu ya kijasusi, jambo linalowezekana kwa simu za kisasa.

Tunataka kukaa kidogo kwenye jambo la mipaka, kwa sababu limekwisha kuleta maneno mabaya kati ya watu. Wimbi la simu halina pasi wala halisimami kwenye kizuizi. Goma na Gisenyi ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Bukavu inatazamana na Rusizi. Juu ya maji ya ziwa hakuna kilima cha kuzuia, na wimbi linakwenda mbali sana, hadi Idjwi na pwani zote mbili. Simu inatafuta kwanza mtandao wa kwao. Ukiwa dhaifu, na kama makampuni yana mapatano, inashika wa jirani. Ndiyo sababu mtu aliyelala nyumbani kwake upande wa Kongo anaweza kuamka na kukuta ujumbe unaomkaribisha Rwanda. Hakuvuka. Mtambo ndio uliomwona ameingia katika daftari lake na kumtumia salamu ambazo hutumiwa kila mgeni.

Basi simu inayoonyesha jina la kampuni ya nchi ya pili haithibitishi kwamba mwenyewe ni adui, wala kuwa na kadi mbili si ushahidi wa upelelezi. Wafanyabiashara ndogondogo wanaovuka kila siku wanazo kadi mbili ili wapate bei nafuu pande zote. Tunawaomba viongozi wa vijana, na wale wote wanaosimama barabarani usiku, walifahamu hili kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Anayeishi karibu na mpaka anaweza kuingia katika simu yake, sehemu ya kuchagua mtandao, akaweka uchaguzi wa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Ataokoa uniti zake pia.

Mara nyingi watu wanatuambia: «Vita vilipoanza walikata mtandao.» Inatokea kweli kwamba wenye amri wanaufunga. Lakini kuna sababu nyingine. Wimbi moja la antena ya kawaida lina nafasi nane tu, nazo hazitumiwi zote kwa mazungumzo. Risasi zikisikika, kijiji kizima kinapiga kwa wakati mmoja, na kumi wa kwanza wanajaza njia. Tena antena nyingi za shambani zinaishi kwa jenereta au mwanga wa jua. Barabara ikifungwa mazutu hayafiki, antena inakufa, na kimya chake kinachukuliwa kuwa ishara ya mashambulizi. Saa kama hiyo, ujumbe mfupi unafaulu kuliko sauti. Unapita katika njia nyembamba ya maagizo, wala hauombi nafasi ya mazungumzo. Na kama simu ya mpokeaji imezimwa, unangoja katika mtambo na kumfikia akiwasha. Una herufi 160, nazo zinatosha.

Pasipo na antena, yote hayo ni bure. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, eneo la Walikale, raia wasiopungua 387 walibakwa, kadiri ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Luvungi ndilo jina lililobaki midomoni. Kambi ya kofia za bluu ilikuwa kiasi cha kilomita 30 tu, lakini mtandao wa simu haukufika pale, na Umoja wa Mataifa ulisema kwamba askari wake walipata habari ya ubakaji huo tarehe 12 Agosti. Katika miaka iliyofuata MONUSCO iliongeza kazi ya kugawa simu kwa viongozi wa vijiji ili watoe alama ya hatari. Huko Kivu ya Kusini kikosi hicho kilimaliza kazi mwezi wa Juni 2024, na vijiji vingi vimebaki na simu bila kuwa na hakika ya nani ataitika.

Madaftari ya simu yanafanya kazi nyingine pia, ambayo wapiganaji hawaipendi. Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilichunguza simu za satelaiti za makamanda wa FDLR na kuona namba walizoongea nazo Ulaya na kwingineko. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Ignace Murwanashyaka na Straton Musoni walikamatwa Ujerumani. Katika kesi yao huko Stuttgart, mazungumzo ya simu yaliyonaswa yalikuwa sehemu ya ushahidi. Septemba 2015 walihukumiwa miaka 13 na miaka 8. Sehemu ya hukumu ya Murwanashyaka ilitenguliwa mwaka 2018, naye akafa mwaka 2019 kabla kesi haijarudiwa.

Turudi kijijini. Kwa maoni yetu, hatari kubwa kwa mtoa habari haiko juu ya mnara. Iko mfukoni mwake. Kwenye kizuizi hakuna anayehitaji mitambo: anachukua simu, anafungua orodha ya waliopigiwa, anasoma ujumbe, anatazama picha, kisha anapiga namba ya mwisho ili asikie nani anaitika. Kwa hiyo kamati za vijiji zikubaliane mapema mambo haya. Namba ya kutolea habari isiandikwe kwa jina la cheo wala la shirika. Iwe «Shangazi» au «Fundi», na mwenye namba hiyo aitike kama shangazi au fundi kweli. Baada ya kutuma, futa ujumbe, ufute pia orodha ya simu. Tumieni maneno mliyopatana ya mahali na idadi, bila jina la mtu. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani tangu mwaka 2016, lakini kwenye simu yako unasomeka wazi kama barua. Na anayetumwa kupiga asiwe mmoja yule yule kila siku, wala asipandie kila mara kilima kile kile ambacho kijiji chote kinajua ndipo mtandao unapopatikana.