Sarafu ya Fedha kwa Wauguzi wa Vita

Ukienda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ukaulizia viazi, utaambiwa ulete hela. Neno hilo tulilipata kwa Wajerumani: Heller ilikuwa sarafu yao ndogo, na tangu 1904 hela 100 zilifanya rupia moja. Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha, uzito wake gramu 11.66. Kwa Kiswahili, fedha ni madini na ni pesa pia.

Vita vya 1914 hadi 1918 viligusa hata sarafu. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na sarafu zikaadimika, karakana ya Tabora ilipiga hela kwa shaba ya maganda ya mizinga. Vita hivyo vilipita pia katika nyanda zetu. Iringa yako makaburi ya askari wake, na jengo la Boma, ambalo leo ni makumbusho, Wajerumani walilijenga liwe hospitali. Penye hospitali ya vita pana watu waliokesha wakifunga vidonda, na majina yao huwa ya kwanza kusahaulika.

Ndiyo maana nchi nyingine huyapiga chapa kwenye fedha. Mwaka 2015 Uingereza ilitoa sarafu ya pauni 5 ya kumkumbuka Edith Cavell, muuguzi aliyepigwa risasi na Wajerumani mjini Brussels Oktoba 12, 1915, kwa kuwasaidia askari kutoroka. Mwaka 1994 Marekani ilitoa dola ya fedha kwa wanawake waliotumikia jeshi, wauguzi wakiwemo. Kila sarafu iliuzwa kwa nyongeza ya dola 10 za kujengea mnara wao.

Sarafu ya namna hii haitengenezwi kama ya dukani. Fedha tupu ni laini, hivyo mara nyingi huchanganywa na shaba kidogo: ukiona namba 925, jua kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Kipande hung'arishwa, kisha mihuri ya chuma hukigandamiza mara mbili au zaidi. Uwanda hubaki kama kioo, na sura ya mtu huwa nyeupe kama umande wa asubuhi ya Makete. Ukibahatika kuipata, ishike ukingoni kwa vidole viwili. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Mkwaruzo mmoja hauondoki, na thamani yake hushuka.

Afrika Mashariki inayo habari inayostahili fedha hiyo. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi zaidi ya 50. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili, na watu wapatao 1,300 walikufa, wanawake 77 miongoni mwao. Vijana wetu na wauguzi wale walilala bahari moja.

Upande mmoja wa sarafu hiyo ningeuchora meli. Wa pili, mikono ikifunga bendeji, bila kuonyesha ni ya taifa gani, kwa kuwa kidonda hakiulizi kabila.

Benki Kuu ya Tanzania ina uzoefu. Mwaka 2011 ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000 kwa miaka 50 ya Uhuru, na mwaka 1974 twiga na kifaru walipewa sarafu zao za fedha ili watu wakumbuke kuwahifadhi. Naiomba itoe nyingine, iuzwe hata katika tawi lake la Mbeya, na faida yake isomeshe wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini. Wanyama wetu tumewaenzi, Uhuru wetu tumeuenzi. Sasa ni zamu ya wauguzi.