OVATAIMU IENDE KWA NANI?
Ukongwe kazini na saa za ziada za madereva



Mvua ikinyesha vizuri huku kwetu Keringet, majani ya chai hujaa, maziwa huongezeka, na magunia ya viazi hungoja lori kando ya barabara ya Molo kwenda Olenguruone. Siku hizo dereva hawezi kumaliza kazi kwa saa za kawaida. Kuna mzigo wa jioni, kuna wa usiku, kuna wa Jumapili. Hapo ndipo maneno huanza. Hizo saa za ziada, yaani ovataimu, apewe nani? Na ile safari ya usiku wa manane ambayo hakuna anayeitaka, aende nani?

Msiseme haya ni ya madereva peke yao. Katika vikundi vyetu wako wake wa madereva, wazazi wao na dada zao. Mchango wa kila mwezi na karo ya watoto mara nyingi hutoka kwenye hiyo ovataimu. Tena vikundi vingine vimenunua pikapu ya maziwa na kuandika dereva. Hao nao wamekuwa waajiri.

Katika makala hii tutaeleza habari ya ukongwe kazini: ni nini, unasaidia wapi, na mwisho wake ni wapi.

1. UKONGWE KAZINI NI NINI?

Ni kuhesabiwa miaka uliyokaa katika kazi, wala si umri wako. Kijana wa miaka 30 aliyeandikwa mwaka 2015 ni mkongwe kuliko mzee wa miaka 50 aliyeandikwa mwaka 2020.

Vyama vya wafanyakazi katika nchi nyingi vimepigania kanuni hii. Sababu ni moja: kumnyang'anya msimamizi nafasi ya kupendelea. Pasipo na kanuni, msimamizi humpa ovataimu rafiki yake, au mtu wa kabila lake, au yule anayemtolea kitu kidogo. Orodha ya miaka haijui rafiki wala haiulizi nyumbani kwenu ni wapi. Kwa sehemu kama yetu, ambapo watu wa makabila mengi hufanya kazi pamoja na tumeshaona ubaya wa kugawanywa, hilo si jambo dogo.

2. WENGINE WANAFANYAJE?

Huko Marekani, madereva wa kampuni ya kupeleka vifurushi ya UPS wako katika chama kinachoitwa Teamsters, kilichoanzishwa mwaka 1903. Mwezi wa Agosti 1997 wafanyakazi wapatao 185,000 wa kampuni hiyo waligoma kwa siku 15. Mwaka 2023 chama kilifanya mkataba mpya kwa niaba ya wafanyakazi wapatao 340,000. Katika mkataba huo walikubaliana kwamba dereva asilazimishwe tena kufanya kazi siku yake ya mapumziko. Na wale madereva waliokuwa wamewekwa katika daraja la mshahara wa chini waliingizwa katika daraja la kawaida, wakapangwa kwa ukongwe wao.

Katika mikataba mingi ya namna hii kanuni ina pande mbili. Kazi ya ziada inayopendwa hutolewa kuanzia juu: mkongwe huulizwa kwanza, akikataa anaulizwa anayemfuata. Lakini kazi ya lazima ambayo wote wameikataa huanzia chini: mgeni ndiye anayeenda. Kwa hiyo ukongwe ni haki ya kupata na pia ni haki ya kukataa.

3. SHERIA YA KENYA INASEMAJE?

Hapa wengi hukosea. Wanadhani sheria inampa mkongwe ovataimu. Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 40, inataja ukongwe kwa habari ya kupunguza wafanyakazi. Mwajiri akitaka kupunguza watu ni lazima aangalie miaka ya kazi, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kuhusu kugawa ovataimu, sheria haijataja ukongwe. Hayo ni ya kuzungumzwa kati ya chama na mwajiri, na kuandikwa katika mkataba wa pamoja, ule ambao wafanyakazi huuita CBA.

Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri ni lazima akitambue chama kikiwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Mkataba wa pamoja ukishasajiliwa mahakamani, unakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Msimamizi hawezi kuufuta kwa mdomo.

Lakini sheria imeweka mambo mengine ambayo hata mkongwe hawezi kuyaruka. Kwa wale walio chini ya Amri ya Jumla ya Mishahara:

- Wiki ya kawaida isizidi saa 52 kwa siku sita.
- Saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu.
- Kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili.
- Saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa zisizidi 116 kwa wiki mbili. (Wa kazi ya usiku wana hesabu yao.)

Mashamba yana amri yake, na mkataba wa pamoja unaweza kuwa na saa chache zaidi. Ulizeni mko chini ya ipi.

Tena iko Sheria ya Trafiki. Tangu mabadiliko ya mwaka 2012, dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kungoja zamu ya kupima majani kiwandani ni kazi, ingawa si kuendesha. Lakini usingizi hautofautishi hayo mawili. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri na bado yuko njiani saa nne usiku, kwenye ukungu na miteremko yetu hii, ni hatari kwake na kwa watoto wetu wanaotembea kando ya barabara.

4. TUFANYE HESABU

Tuseme dereva analipwa shilingi 22,500 kwa mwezi. (Hiki si kiwango cha serikali, ni mfano wa kuhesabia tu.) Kwa Amri ya Jumla, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 kupata malipo ya saa moja. Hapo ni shilingi 100. Ovataimu ya siku ya kawaida ni shilingi 150 kwa saa, na ya siku ya mapumziko ni shilingi 200.

Sasa angalieni. Wiki mbili za kawaida ni saa 104. Mwisho wa sheria ni 116. Zinabaki saa 12 tu za ziada kwa kila dereva.

Tuseme kituo kina madereva watano, na kwa wiki mbili kuna saa 30 za ovataimu ya siku za kawaida.

Msimamizi akigawa apendavyo: anaweza kumpa rafiki yake saa 20. Huyo amevuka mpaka, na wenzake wameumia.

Ukongwe mtupu ukifuatwa: wa kwanza anachukua 12, anapata shilingi 1,800. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu anapata saa 6, shilingi 900. Wa nne na wa tano hawapati kitu. Sheria haijavunjwa, lakini vijana wawili wenye watoto wadogo wameenda nyumbani mikono mitupu. Ikiwa hivyo kila wiki, hao vijana watakiona chama kuwa ni cha wazee, na siku ya shida hawatasimama nacho.

Saa zikisawazishwa: kila mmoja anapata saa 6, shilingi 900. Lakini hapa mkongwe wa miaka 18 atauliza: na miaka yangu yote hii je?

Njia ambayo tunaona inafaa ni kuchanganya. Ukongwe uchague aina ya safari, na daftari lisawazishe idadi ya saa. Yaani mkongwe ndiye wa kwanza kusema, "Mimi nachukua ya Jumamosi mchana, ya usiku siitaki." Lakini akishafikisha fungu lake, anasubiri mpaka wenzake wamfikie. Anayekataa kwa hiari yake huandikwa kuwa alipewa akakataa, asije akalalamika baadaye. Na ya lazima ikianzia kwa mgeni, isimwangukie huyo mmoja kila siku. Izunguke kwa wa chini wote.

5. HESABU YA MIAKA ILINDWE

Ukongwe ukiwa na faida, watu watauchezea. Kwa hiyo ulizeni: miaka inahesabiwa tangu siku gani? Vijana wengi huanza kama vibarua, wakakaa hivyo miezi mingi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Chama kidai kwamba siku hizo nazo zihesabiwe. Pia mkataba useme wazi kwamba likizo ya uzazi au ugonjwa haimrudishi mtu chini ya orodha.

Orodha yenyewe ibandikwe ukutani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ovataimu nayo ni mali.

6. UKIDHULUMIWA UFANYE NINI?

Kwanza, andika mwenyewe katika kijitabu: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, safari. Linganisha na hati yako ya mshahara, ambayo mwajiri anatakiwa kukupa. Pili, mwone mwakilishi wa chama hapo kazini, halafu ofisi ya tawi. Wafanyakazi wa mashamba wana chama chao cha KPAWU, chenye makao makuu Nakuru mjini. Tatu, yuko Afisa wa Kazi wa serikali. Mwisho ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo iko pia Nakuru. Usikae sana, kwa maana madai ya kazi kwa kawaida hufungwa baada ya miaka mitatu.

7. NA KIKUNDI CHENYE GARI?

Kama kikundi chenu kina pikapu na madereva wawili, msidhani sheria hizi ni za makampuni makubwa tu. Dereva wenu naye ana saa zake na siku yake ya kupumzika. Msimwambie, "Wewe ni mtoto wetu, vumilia." Mpeni barua ya kazi. Wekeni daftari la saa. Amueni katika mkutano, mwandishi akiandika, nani ataulizwa kwanza mzigo ukizidi, na nani ataenda wote wakikataa. Mkifanya hivyo kabla ya msimu wa mvua, hamtagombana mvua ikija.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi unayoijua, nani huamua ovataimu? Iko kanuni iliyoandikwa?
2. Ni haki mkongwe achague kwanza? Kwa nini?
3. Dereva kijana na dereva mzee, nani anaumia zaidi na safari za usiku?
4. Kama sisi ni waajiri, daftari letu la saa liko wapi?