Mtungi wa maji hugeuzwa kwa miguu, si kwa kiuno

Ukimtazama mchezaji tenisi akipiga mpira kwa kishindo, huenda ukadhani siri iko mkononi. La hasha! Nguvu huanzia miguuni, huzungusha nyonga, kisha kifua na bega. Mkono hufuata mwishoni. Ndivyo pia Julius Yego alivyorusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia.

Hapa Lafey wengi wetu hatujashika raketi, lakini kila siku tunainua mtungi wa lita 20 na kuugeuzia mkokoteni wa punda. Maji hayo pekee ni kilo 20. Wagonjwa wa mgongo ninaowaona aghalabu walikosea hapo: nyayo zimeganda, kiuno kinasokotwa. Uti wa mgongo sehemu ya kiunoni huinama na kunyooka vizuri, ila kuzunguka ni kidogo mno. Ukiusokota na mzigo, gegedu iliyo kati ya mifupa huweza kupasuka na kubana mishipa ya fahamu.

Sogelea mtungi, kunja magoti, ulete karibu na tumbo, uinuke kwa miguu. Ukigeuka, tanguliza nyayo, nyonga zitafuata. Kama kuna mpira wa maji, jaza mtungi ukiwa tayari mkokotenini.

Maumivu mengi hupoa baada ya wiki chache, na kutembea husaidia kuliko kulala. Lakini mkojo ukikutoka ovyo au ukazuilika, ukihisi ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.